Kinga nzuri, maelezo haba: mwaka mmoja na programu ya usalama katika saiba ya Lamu

Kwa mwaka mmoja nimetumia programu ya usalama, ambayo sitaitaja jina, kwenye mashine tatu za saiba yangu ndogo huko Langoni, kwa malipo ya shilingi 3,000. Virusi inavizuia vizuri, wala hapo sina neno. Kilichonisumbua ni ilani zake za skani ya poti.

Ya kwanza ilitokea nikimjazia mzee mmoja fomu kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Dirisha jekundu lilifunika fomu yote, likatangaza kwamba skani ya poti imegunduliwa na kuzuiwa. Mzee alichukua kitambulisho chake, akakitia mfukoni, akasema atarudi kesho.

Poti (nasi watu wa Lamu hatuna budi kueleza kwamba hatusemi gati la Mokowe) ni milango yenye nambari, hadi 65,535, ambayo kwayo programu za kompyuta hupokea mawasiliano. Kuskani ni kubisha milango mingi kwa muda mfupi ili kujua upi uko wazi. Anayebisha bado hajaingia, lakini programu hii humpigia kila abishaye kelele ileile.

Nilipozipata kumbukumbu zake, zilizofichwa ndani ya menyu ya tatu, niliona anwani ya mtuhumiwa ni 192.168.1.1, yaani ruta yangu mwenyewe, kile kifaa kinachogawa intaneti, iliyotundikwa juu ya printa. Kompyuta inapotafuta anwani ya tovuti huiuliza ruta, na maswali hayo hutoka kwenye poti za muda, ambazo kwenye Windows huanzia 49152. Intaneti ikizorota, kama izorotavyo kwangu kila jioni, majibu hufika milango hiyo ikiwa imekwisha kufungwa, na programu, ikiona milango kadhaa iliyofungwa inagongwa kwa mpigo, hudhani imevamiwa. Dalili ilikuwa humo humo kwenye kumbukumbu: yote yalitoka poti 53 ya ruta, ambayo ndiyo poti ya majibu ya namna hiyo. Mstari mmoja wa maelezo ungetosha kumbakiza yule mzee kitini.

Hata hivyo siidharau. Siku nyingine mteja aliunganisha laptopu yake ili achapishe barua, na ndani ya sekunde mbili anwani yake ikabisha poti 139, 445 na 3389 za mashine zote tatu. Poti 445 ndiyo njia iliyopitiwa na WannaCry, programu hasidi iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia, mwaka 2017, na 3389 ni ya kuendesha kompyuta kutoka mbali. Anayetafuta printa hana shughuli na mlango huo. Sikumtuhumu, kwa kuwa huenda mashine yake ilikuwa na ugonjwa asioujua. Nilimtoa kwenye Wi-Fi, akanitumia barua kwa WhatsApp kutoka simuni.

Kasoro isiyosameheka ni kitufe kinachotokea chini ya kila ilani, kikikushauri uuamini mtandao mzima. Ukikibonyeza, kelele za ruta hunyamaza, na za laptopu kama ile hunyamaza pamoja nazo. Mimi nimeiamini anwani ya ruta peke yake, jambo lililonichukua nusu saa kulitafuta kwenye mipangilio.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Nimeilipia tena kwa mashine mbili. Ya tatu, ambayo kazi yake ni kuchapisha tu, nimeiachia kinga iliyokuja na Windows.