Viatu vya skeiti vya mitumba vya magurudumu ya chungwa: vizuri sana, lakini vilizaliwa ukumbini

Kama wewe ni mtu wa kuzunguka soko la Gikomba, Nairobi, upande wa viatu lazima umeviona, vile vya magurudumu manne, mawili mbele mawili nyuma, ngozi ya rangi ya kaki imekwaruzwa, magurudumu ya chungwa, na nyuma kwa kisigino kumeandikwa namba kubwa, 7 ama 9 ama 11. Wengi huvipita kwa sababu wanatafuta zile za laini moja, magurudumu yamepangwa mstari mmoja, zinazong'aa. Mimi vyangu nilivitoa hapo kwa 2,500, yule kijana alianza na 4,500 ati hiyo ni kamera, yaani chaguo la kwanza, bale imefunguliwa asubuhi hiyo hiyo, na kusema kweli hakunidanganya. Nimevivaa tangu mwaka jana na kila nikienda Sunken Car Park kuskeiti Jumapili kuna mtu ananisimamisha, "auntie hizo ulitoa wapi, na zinaenda aje", kwa hivyo naandika yote hapa.

Ukivipata vikiwa vizima, nunua. Ngozi ni ngozi kweli, inashika kifundo cha mguu vizuri, uzi umepigwa mara mbili, bamba la chini kwa vyangu ni aluminiamu na halijapinda hata kidogo. Ile plastiki ya viatu vipya vya bei hiyo hupasuka pale skrubu inapoingia, na ikishapasuka hakuna fundi wa kukuokoa. Lakini usitoke navyo sokoni ukapanda lami siku hiyo hiyo. Hivi havikutengenezewa barabara, vilitengenezewa sakafu ya mbao, na ukishajua vilikotoka utajua cha kubadilisha na cha kuacha.

Anza na hiyo namba ya kisigino. Mtu na viatu vyake haandiki saizi kubwa nyuma, ataiandikia nani? Iliwekwa ili mhudumu wa kaunta akitupa jicho kwa rafu aone saizi bila kushika kila kimoja. Ni viatu vya kukodisha vya rink, yaani ukumbi wa kuskeiti, unalipa kiingilio, unaacha vyako kaunta, unapewa hivi, unaingia kwenye mbao muziki ukilia. Kisha angalia magurudumu kabla hujayafungua. Yangu yalikuwa yamelika upande mmoja kuliko mwingine, na kiatu cha kulia kimechoka kuliko cha kushoto, kwa sababu kwa rink watu wote huzunguka upande mmoja, kinyume na mishale ya saa, usiku baada ya usiku. Ukigeuza kiatu hivi unaona kabisa ile kona waliyokuwa wanakata. Mimi hicho kitu kiliniingia moyoni sana, nikaanza kusoma kuhusu hizi kumbi na sijaacha.

Ule ninaoupenda zaidi unaitwa Empire, ulikuwa Brooklyn, New York, mtaa wa Crown Heights. Ulifunguliwa 1941, karibu kabisa na uwanja wa besiboli wa Ebbets Field, na miaka hiyo muziki wa kuskeitia ulikuwa kinanda, mtu anakaa anacheza na nyinyi mnazunguka kwa mpangilio. Mwaka 1957 akaingia kijana mweusi anaitwa Bill Butler, alikuwa mwanajeshi, ametoka Detroit ambako watu weusi walikuwa wanaskeitia jazi, akaomba wapige rekodi za jazi badala ya kinanda. Na akaanza kucheza nayo, si kuzunguka tu, kucheza, magoti yamelegea, mguu unakwenda na besi. Hapo ndipo Empire ikabadilika. Timu ya Dodgers iliyokuwa jirani ilicheza msimu wake wa mwisho hapo mwaka huo huo wa 1957 ikahamia Los Angeles, 1960 uwanja ukabomolewa, lakini ukumbi ukabaki, na miaka ya sabini ukawa ndio mahali penyewe pa disko ya magurudumu, matajiri na watu wa televisheni wanatoka upande wa Manhattan kuja kujifunza kwa vijana wa Crown Heights. Butler alifundisha hapo miaka na miaka. Kila anayecheza leo akiwa kwa magurudumu, hata akiwa Umoja kwa uwanja wa kanisa, kuna kitu amerithi hapo.

Msifikirie lakini kila mtu alikaribishwa kwenye hizi kumbi. Sehemu nyingi za Marekani mtu mweusi alikuwa hana ruhusa, ama anapewa usiku mmoja wa wiki, ule ambao wazungu hawautaki, na hata baada ya sheria kubadilika walibaki na usiku wenye majina ya kuficha, mara usiku wa soul, mara usiku wa watu wazima, na kila mtu anajua maana yake. Ndio maana 1963 kulipokuwa na yale maandamano makubwa ya Washington ya kudai haki za watu weusi, mskeitaji mmoja, Ledger Smith, aliamua kwenda kwa magurudumu kutoka Chicago, karibu maili 700, siku 10 barabarani, kifuani amevaa utepe umeandikwa uhuru. Hizo ni kama kilomita 1,100. Toka hapa mpaka Mombasa kisha urudi Nairobi, na bado hujamfikia. Na viatu vya wakati huo havikuwa na magurudumu haya laini ya yuretheni, hayo yalianza kuenea miaka ya sabini. Nikiwa Uhuru Highway nikikanyaga kile kipande chenye mawe madogo namfikiria huyo mzee kwa heshima kubwa.

Empire ulifungwa 2007. Jumba liliuzwa, likawa ghala la watu kukodisha vyumba vya kuweka mizigo. Mwaka huo huo Roxy, ukumbi mwingine uliokuwa na usiku wa skeiti Manhattan, nao ukafungwa. Los Angeles kulikuwa na World on Wheels, ilifunguliwa 1981, ikafungwa 2013. Sababu ni ile tunayoijua hata sisi, kiwanja kinapanda bei mpaka kinapita mapato ya tiketi, bima nayo, mwenye mali anapiga hesabu. Mimi inaniuma kusoma, juu ukumbi wa miaka 66 ukifungwa hupotezi jengo peke yake, unapoteza wazee waliokuwa wanafundisha watoto bure pale pembeni, hao hawahami na jengo.

Sasa turudi kwa kiatu.

Magurudumu ndio kitu cha kwanza kubadilisha. Ugumu wake hupimwa kwa namba na herufi A, ya ukumbini huwa 95A hivi kwenda juu, magumu kabisa, kwa mbao yanateleza vizuri na hayapotezi mwendo. Kwa lami yanakutetemesha mpaka meno, na kajiwe kadogo kakiingia mbele kiatu kinasimama wewe unaendelea. Ya nje yawe 78A mpaka 85A, makubwa kidogo, utasikia tofauti hatua ya kwanza. Mimi niliagiza mtandaoni, duka moja ambalo silitaji likaniletea magumu tena yamepakwa rangi tu nzuri, tukavutana wiki nzima ndio wakabadilisha, kwa hivyo kabla hujalipa waambie wakupigie picha ya maandishi yaliyo kwa gurudumu lenyewe. Seti ya nane ilinigharimu kuliko viatu, na bado nasema ni pesa imetumika vizuri. Yale ya chungwa usiyatupe, kuna sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa utayahitaji.

Beringi ziko kumi na sita, mbili kila gurudumu. Hapa kuwa makini sana juu ndipo fundi wengi huharibu. Ekseli ya kawaida ni milimita 8, inachukua beringi namba 608, hiyo utapata Kirinyaga Road duka yoyote ya beringi, ni ya kawaida kabisa, wanaiuza hata kwa mashine ndogo ndogo. Lakini viatu vingine vya zamani vya kukodisha ekseli yake ni milimita 7, hiyo inataka 627. Kwa macho zinafanana, nje zote ni milimita 22, ukiweka 608 kwa ekseli ya 7 gurudumu linacheza cheza na utadhani ni nati imelegea. Enda na gurudumu na kiatu vyote viwili, wapime mbele yako. Na kama beringi zako zinazunguka lakini zinapiga kelele usinunue mpya bado, zioshe na mafuta taa, zikauke vizuri, tone moja la oili ya cherehani kila moja, jioni unaskeiti.

Kitu cha tatu hakuna anayekiangalia na ndicho moyo wa kiatu chenyewe. Geuza kiatu, kati ya bamba na ekseli kuna raba, mbili mbele mbili nyuma. Hizo ndizo zinafanya ukilalia upande kiatu kikate kona. Ni ubunifu wa James Plimpton, New York, 1863, kabla yake viatu vya magurudumu vilikuwa vinaenda mbele tu, ukitaka kugeuka unyanyue mguu, na ndio huyo huyo 1866 alifungua ukumbi kule Newport, Marekani, ndani ya hoteli. Zaidi ya miaka 160 na bado ni raba na ekseli, hakuna aliyepata njia bora zaidi. Sasa raba za mitumba nyingi zimekauka zimekuwa kama mfupa. Bonyeza na ukucha, isipoingia kabisa jua kiatu hakitageuka, utalazimisha na goti na goti ndilo litalipa. Fundi wangu wa viatu alinikatia mpya kwa raba nene ya mpira, zimefanya kazi fiti, ila lazima zilingane urefu zote nne la sivyo kiatu kimoja kitakuvuta kushoto.

Breki ya mbele, lile gumba la raba, angalia kama limelika mpaka kwa chuma, na kama linafunguka. Kama skrubu yake imeshika kutu achana na hicho kiatu, kuna kingine chini ya hilo fungu. Ndani ya kiatu weka insoli mpya, hiyo haina mjadala, miguu mingi imepita humo. Kamba pia.

Mahali pa kuviskeitia: mimi napenda Sunken Car Park wikendi magari yakipungua, kuna vijana wanakodisha na kufundisha, watoto kwa wakubwa, na kuna spika mtu ameleta. Wengi wako na za laini moja na wako na kasi kunishinda, lakini muziki ukibadilika ukawa wa kucheza wanakuja kuangalia miguu yangu, juu hizi za nne zinakaa chini imara, unaweza kusimama ukacheza papo hapo. Kabro epuka kabisa hata ukiwa na magurudumu laini. Na wale wa kushikilia matatu nyuma, wadogo zangu, nawapenda na nawaomba muache.

Kile tunachokosa ni sakafu. Panari kule Mombasa Road wana ukumbi wa barafu tangu miaka ya 2000, na kutoka kwa barafu hiyo ndogo tumepata timu ya hoki, Ice Lions, mpaka Septemba 2024 Kenya ikapokewa kwa shirikisho la dunia la hoki ya barafu. Nchi ya ikweta! Hiyo inaonyesha watu wakipewa sakafu moja tu na ikae wazi watafanya nini. Sakafu ya mbao ama hata saruji laini yenye paa, bei ya mwananchi, hao watoto wa Sunken wangeijaza kila siku. Mvua ya Aprili ikianza wote wanakaa nyumbani na mwili unasahau haraka.

Alama yangu: kiatu kama kilivyo sokoni, tatu kwa tano. Ukishabadilisha magurudumu na raba, tano kamili, na sivibadilishi na vipya vya elfu kumi.

Kuhusu saizi, hiyo 7 ya kisigino ni ya Marekani ya wanaume, ni kama 40 yetu, anayevaa 38 atafute 5. Vijaribu ukiwa na soksi, simama, dole gumba liguse mbele kidogo bila kubanwa, kisigino kisinyanyuke ukikunja goti. Na uangalie namba za visigino vyote viwili kabla hujatoa pesa, juu mafungu yakichanganyika unaweza kupewa 8 na 9, na kesho ukirudi huyo kijana amehamia fungu lingine.