Zege lililotitia nyumbani: kipande kimoja tulikiinua, kingine tulikivunja

Nyumba yetu ipo Mtwara mjini, kata ya Chuno, na zege la ua lilimwagwa mwaka 2011, mara tu baada ya kuhamia. Kwa miaka kadhaa nililiona likishuka kidogo kidogo bila kulitilia maanani, hadi mwezi Machi mwaka jana mama yangu mzazi alipojikwaa kwenye kipande kilicho mbele ya mlango wa jikoni na kuumia goti. Jioni ile nilichukua rula ya mtoto nikapima. Ukutani, pale zege lilipokuwa limegusa wakati nyumba inapakwa rangi, palibaki ukanda usio na rangi, na kutoka ukingo wa juu wa ukanda huo hadi juu ya zege nilipata sentimita 5. Kila mvua iliponyesha, maji yalituama hapo yakiegemea ukuta wa nyumba.

Eneo la kuegesha gari, lenye mita 3 kwa 4, nalo lilikuwa limetitia katikati na kupasuka. Nilikuwa na maswali mawili kwa hiyo, ingawa mwanzoni nilidhani ni swali moja: niliinue zege lililopo, au nilivunje na kumwaga jipya?

Fundi wa kwanza niliyemwita hakukaa hata robo saa. Alipendekeza tupige plasta nzito juu ya zege la zamani ili kusawazisha, akataja bei nafuu, na ninakiri kwamba bei ile ilinivutia sana. Nilimkatalia kwa sababu moja tu: kama zege la chini bado linashuka, plasta ya sentimita 3 juu yake itashuka nalo, na kwa wembamba wake itabanduka kabla ya msimu mwingine wa mvua. Fundi wa pili alitaka kuvunja kila kitu, akakadiria gharama kwa macho akiwa amesimama getini.

Nilikuwa nimesoma kwamba ipo njia ya kuinua zege bila kulivunja. Hutobolewa matundu, kisha mashine husukuma chini yake uji wa simenti na mchanga, au povu la kemikali ambalo hutanuka, hujaza uwazi, na kuliinua zege taratibu. Povu huhitaji tundu dogo lisilozidi unene wa kidole na hukauka kwa dakika chache, ilhali uji wa simenti huhitaji tundu kubwa zaidi na muda mrefu zaidi wa kukauka. Nilimpigia simu mkandarasi mmoja wa Dar es Salaam, naye akanieleza kwa ustaarabu kwamba kuisafirisha mashine zaidi ya kilomita 500 kwa ajili ya ua wa nyumba moja kungenigharimu kuliko zege jipya. Nilimshukuru kwa kuniambia ukweli badala ya kunichukulia fedha.

Fundi wa tatu ndiye ambaye maelezo haya yanamhusu. Ni mzee wa makamo ya baba yangu, na alipofika, baada ya kuamkiana, hakuzungumzia bei. Aliomba mtaimbo. Akawa anagonga zege hatua kwa hatua huku ameinamisha kichwa, na hata mimi nisiye na ujuzi nilisikia sauti ikibadilika kutoka nzito kuwa ya kitu chenye uwazi, kama unapogonga mtungi mtupu. Kisha akachimba shimo dogo pembeni ya kipande cha jikoni, akachukua ufito wa nondo, akausukuma chini ya zege. Uliingia kiasi cha sentimita 60 bila kugusa kitu. Akaniambia, "Mwanangu, zege hili halina kosa. Chini yake ndiko hakuna kitu."

Udongo wa kwetu ni wa kichanga, na mchanga ukipata maji yanayotembea huondoka nayo. Mzee alitaka kwanza tujue maji yanatoka wapi. Sehemu moja ilionekana wazi, kwa kuwa pembe mbili za bati zilikutana juu ya mlango wa jikoni na hapakuwa na gata, yaani mfereji wa kukinga maji ya paa, hivyo maji yote ya upande ule yaliporomoka mahali pamoja tangu Desemba hadi Aprili. Sehemu ya pili sikuitarajia. Aliniagiza nifunge koki zote kabla ya kulala, niandike namba za mita, na nisiguse maji hadi asubuhi. Saa nne usiku niliandika namba, na saa kumi na moja alfajiri tarakimu nyekundu zilikuwa zimesogea kwa lita 90. Bomba lililopita chini ya maegesho lilikuwa linavuja kwenye kiungo, na hakuna ajuaye kwa muda gani. Ninaamini kabisa kwamba kama ningemkubali yeyote kati ya wale wawili wa mwanzo, ningekuwa nimejenga zege jipya juu ya kijito.

Uamuzi ulipatikana hapo. Kipande cha jikoni kilikuwa kizima, hakina ufa hata mmoja, kina unene wa sentimita 10 kila tulipopima, na ukubwa wake ni mita 1.2 kwa 1.5 tu. Kipande cha namna hiyo kinafaa kuinuliwa, kwa sababu kikisukumwa kutoka chini kinapanda chote kwa pamoja. Maegesho yalikuwa yamegawanyika vipande vitano, na tulipopima kingo zilizopasuka tulikuta mahali penye sentimita 5, nusu ya unene tuliolipia mwaka ule. Ukiinua zege la aina hiyo, unainua kipande kimoja na kuviacha vingine, na gari likipita vinapasuka tena. Isitoshe, bomba lilikuwa chini yake, na kulifikia bila kuvunja kusingewezekana.

Kazi ilifanyika mwezi Agosti, wakati ardhi imekauka na kabla ya msimu wa korosho, ambapo malori na vibarua hupatikana kwa shida. Gata ilifungwa kwanza na bomba likabadilishwa, kwa msimamo wa mzee mwenyewe, aliyesema hatagusa zege kabla maji hayajadhibitiwa.

Kuinua kulichukua asubuhi moja, nami nilikaa kwenye kigoda nikitazama. Walikata kwa tindo pale zege liliposhikana na ukuta, wakachimba mitaro kwenye kingo mbili za pembeni, wakaweka jeki mbili za lori juu ya vipande vya mbao ngumu ili zisizame mchangani. Uzi ulivutwa kutoka ukutani hadi kwenye vigingi kuonyesha kimo kinachotakiwa. Mmoja alipampu mara tatu akaacha, mwenzake naye mara tatu, na mzee akawa anatazama uzi na pima maji bila kusema neno. Zege lenye uzito wa zaidi ya kilo 400 lilipanda polepole mno hata nikadhani halisogei, mpaka nilipoona ule ukanda usio na rangi ukutani umeanza kupungua. Lilipofika, walipachika mawe na zege kavu chini ya kingo, wakatoboa matundu mawili, wakamimina uji mzito wa simenti na mchanga laini hadi ulipokataa kuingia. Tulihesabu ndoo 11 za lita 20. Walisawazisha ili maji yaelekee nje ya nyumba, sentimita 2 kwa kila mita.

Maegesho hayakwenda vizuri hivyo, na lazima niseme. Walichelewa siku mbili bila kunipigia simu. Siku ya kujaza kifusi mzee hakuwepo, na vijana wake walimwaga moramu (udongo wa changarawe) yote kwa mkupuo mmoja wakaanza kushindilia juu, jambo ambalo huacha udongo wa chini ukiwa mlegevu, nalo ndilo huenda lilianzisha tatizo mwaka 2011. Niliwaomba wasimame. Mzee aliporudi aliwaagiza waitoe yote na kuirudisha kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ikinyunyiziwa maji na kushindiliwa, na hakunidai nyongeza kwa nusu siku iliyopotea. Kasoro iliyobaki ni kwamba zege lilimwagwa saa sita mchana, jua likiwa kali, na kona moja ikapata nyufa nyembamba za juu juu. Kazi hiyo ilipaswa kuanza alfajiri.

Vifaa vya maegesho vilikuwa mifuko 8 ya simenti, mita moja ya ujazo ya kokoto, nusu yake ya mchanga, na wavu wa chuma, kwa uwiano wa 1:2:4 wa simenti, mchanga na kokoto, na unene kamili wa sentimita 10, ambao niliupima mwenyewe kwenye mbao za pembeni kabla ya kumwaga. Tulilifunika kwa magunia yaliyoloweshwa siku saba, na gari halikupita hadi siku ya 28. Nililipa shilingi 145,000 kuinua kipande cha jikoni pamoja na kukodi jeki, shilingi 710,000 kuvunja na kumwaga maegesho pamoja na bomba, na gata ililipwa kando.

Msimu mzima wa mvua umepita tangu wakati huo. Kipande kilichoinuliwa kilishuka milimita 3 mwezi wa kwanza na hakijashuka tena, ingawa viraka vya matundu yale vinaonekana kwa rangi yake tofauti. Maegesho yamenyooka, nyufa za kona hazijakua, na mlango wa jikoni haujatuama maji hata siku moja. Mama anapita hapo akiwa na ndoo mkononi bila kutazama chini.

Mwezi uliopita nilimwita mzee tena kwa ajili ya kipande cha nyuma, karibu na shimo la maji taka, ambacho kimeanza kuinama upande wa shimo. Amekataa kutaja bei ya kuinua wala ya kuvunja kabla hatujafunua mfuniko na kutazama kuta za shimo kwa ndani. Tutalifunua Julai.