Dalali wa ndege kuukuu: nampa nyota mbili

Miezi saba natafuta ndege ndogo, Cessna 172 ya mkono wa pili, nikaishia kwa dalali mmoja hapa Mombasa. Jamaa ana maneno matamu kushinda halua. "Bosi, hii bado mbichi!" Na picha zilimeremeta kweli.

Nilikwenda kuiona na fundi wangu, mzee aliyezeekea uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Rangi hata hakuitazama. Alilala chali chini ya bawa, akafungua kifuniko kidogo, akamulika tochi. "Mwanangu, njoo uone." Kandokando ya ribiti, vile vipini vinavyoshikanisha bati, kulikuwa na unga mweupe, na bati limefura kama chapati. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu. Chumvi ya bahari huila hivyo, kimyakimya. Ndege ilikuwa imelazwa nje miaka, kusi ikiipiga.

Injini ni Lycoming, ambayo watengenezaji wanashauri ifumuliwe na kuundwa upya kila saa 2,000. Dalali alisema imebakisha nusu. Kitabu cha injini kikasema imeshatembea saa 1,870. Nikamtazama, naye akatazama simu yake.

Nyota moja ni ya kuturuhusu kufungua kila kifuniko bila kununa. Ya pili ni ya kahawa, maana ilikuwa kahawa hasa, ya tangawizi. Arubuni yangu aliikata eti "gharama ya kuonyesha". Fundi nilimlipa siku nzima, kwa raha zangu. Bado natafuta, ila safari hii nataka iliyolala bara, tena ndani ya banda.