TAHADHARI: "GTX 1050 Ti" zilizochakachuliwa, ukiona bei tamu kagua kwanza

Wakuu, kuna jamaa hapa Dar anauza kadi za grafiki (zile za kuendeshea gemu kwenye kompyuta) kupitia WhatsApp na Instagram, anaziita GTX 1050 Ti 4GB, mpya kwenye boksi. Siyo 1050 Ti. Jina simtaji maana kila akibanwa anafungua akaunti nyingine, na wa aina yake hayuko peke yake. Bora muujue mzigo wenyewe.

Mimi ni fundi kompyuta. Kijana mmoja kaniletea mashine, analalamika kila akifungua gemu kioo kinazima. Windows inaandika GTX 1050 Ti, memori GB 4, kila kitu safi. Nikafungua feni, nikafuta ile pesti, chipu imechongwa GF106. Chipu ya 1050 Ti, kadi iliyotoka 2016, ni GP107. GF106 ni ya GTS 450, kadi ya mwaka 2010!

Wanachofanya ni hiki: wanachukua kadi kuukuu za kizazi cha Fermi, kama GTS 450 na GTX 550 Ti, wanaingiza BIOS (programu ya ndani ya kadi) iliyochezewa ili kadi ijitaje kwa jina jipya na kudanganya ukubwa wa memori, kisha wanabandika stika na feni mpya. Ya kijana huyu ndani ina GB 1 tu, na kora (vichakataji vidogo ndani ya chipu) 192 wakati 1050 Ti ina 768. Gemu nyepesi inaenda bila shida, ndiyo maana mtu anafika nayo nyumbani anafurahi. Gemu ikishadai memori zaidi ya ile GB 1, kioo kinajaa mistari ya rangi au kinakuwa cheusi. Draiva mpya (programu za kuiendesha kadi) za Nvidia, watengenezaji wa chipu hizi, nazo zinagoma, kwa hiyo jamaa anakupa flashi yenye draiva "yake" na kukuonya usiapdeti. Ukiambiwa hivyo, ondoka.

Wanaipenda 1050 Ti kwa sababu wanatujua. Wengi tunachezea gemu kwenye Dell OptiPlex na HP za mtumba, zile zilizotoka maofisini Ulaya, na pawa saplai zake ni ndogo, waya wa pini 6 wa kulisha kadi umeme hazina. 1050 Ti halisi inakula wati 75, nyingi zinavuta umeme kwenye sloti yenyewe bila waya wa ziada. GTX 550 Ti inakula wati 116. Kijana aliongezewa na adapta ya kuunga waya, tena kwa pesa! Mzigo huo kwenye pawa saplai ya ofisi ni kutafuta kuunguza mashine nzima.

Kabla hujatoa hela, geuza kadi uangalie nyuma. Ukiona tundu la VGA, lile la bluu, shtuka, kwa sababu chipu za kizazi cha 1050 Ti hazitoi VGA. Pini 6 peke yake siyo ushahidi, zipo halisi chache zenye nayo.

Halafu beba GPU-Z kwenye flashi. Ni programu ya bure, ndogo, haihitaji kuinstoliwa, na tangu 2018 inazitambua kadi hizi: inaandika FAKE mbele ya jina na kuweka alama ya mshangao. Mwambie muuzaji achomeke kadi, ufungue, kisha uiache gemu nzito itembee. Picha ya skrini aliyokutumia haina maana, jina la kwenye Windows ndilo hilohilo alilolichezea. Na yule wa "tuma nusu, bodaboda analeta", au anayetaka mkutane barabarani pasipo umeme wa kujaribia, achana naye.

Msichanganye na kadi zilizotoka kwenye uchimbaji wa sarafu za kidijitali. RX 580, kadi ya AMD, iliyochimba ni halisi, imechoka tu. Ila ukiuziwa RX 580 uliza kama ni ile 2048SP, maana ina kora 2048 badala ya 2304, na bei yake inatakiwa ishuke.

Kama umeshauziwa, usifute chati. Hifadhi meseji ya muamala, piga picha chipu na skrini ya GPU-Z, upeleke malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), bidhaa bandia ni kazi yao, na polisi ukachukue RB. Kijana wangu kesha-blokiwa, lakini muamala wa simu anao, na namba iliyopokea hela ina jina.