Nilipanda hadi CPL, cheti changu cha FAA kikafa: jinsi nilivyokihuisha

Mkufunzi alizilaza kadi zangu mbili juu ya kaunta, moja ubavuni mwa nyingine. Ya kwanza ni leseni yangu ya Kenya, mpya kabisa. Ya pili ni cheti cha rubani cha FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ile kadi ngumu yenye picha za ndugu Wright. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja wa kadi ya Marekani, akasoma kwa sauti ya chini, kisha akakihamishia kidole kwenye leseni ya Kenya.

"Nambari hazifanani," akasema.

Nje, Cessna 172, ndege ndogo niliyoikodi, ilikuwa imeshajazwa mafuta. Dadangu alikuwa amekaa kwenye benchi, miwani ya jua kichwani, tayari kuiona Dallas kutoka juu. Tulirudi nyumbani kwa gari.

Kwa wasioufahamu mpango huu: ukiwa na leseni halali ya nchi iliyo mwanachama wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, FAA hukupa cheti cha rubani binafsi bila kukufanyisha mitihani upya. Marubani wanakiita "61.75", kwa jina la kifungu chake cha sheria. Mimi nilikichukua nikiwa na PPL, leseni ya rubani binafsi, niliyoisomea uwanja wa Wilson, Nairobi, kwa kuwa kila mwaka naenda Texas kumwona dada na napenda kuruka nikiwa huko. Lakini cheti hiki hakisimami kwa miguu yake. Kimeandikwa waziwazi kwamba kimetolewa kwa msingi wa leseni ya Kenya nambari fulani, na kwamba hakifai kitu bila leseni hiyo kuwa mkononi. Mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba.

Na mti wangu niliuangusha mwenyewe. Nilifanya mtihani wa CPL, leseni ya rubani wa biashara, nikafaulu, nikapewa leseni mpya yenye nambari mpya. Tulisherehekea, nyama ikachomwa. Hakuna aliyekumbuka ile kadi ya Marekani iliyolala droo, ikitaja leseni ambayo haipo tena. Kinachouma zaidi ni kwamba CPL yangu hainiongezei chochote kule. Hata ukiwa na ATPL, leseni ya juu kabisa ya rubani, na saa elfu kumi, cheti cha 61.75 kinabaki cha rubani binafsi: huruhusiwi kuruka kwa malipo. Yaani nilipandishwa cheo Nairobi nikapigwa marufuku Texas.

Baada ya hapo nilipoteza wiki tatu kwa ujinga wangu. Nilisikia kwamba FAA hutoa kadi mbadala kwa dola 2, nikadhani nitalipa hizo dola, niandike nambari mpya, mambo yaishe. Dola 2 ni za kadi iliyopotea au kuharibika. Leseni ya msingi ikibadilika nambari, unaanza upya na uhakiki, kama siku ile ya kwanza. Kuna na wakala mmoja mtandaoni aliyenitaka dola 300 "kuharakisha". Msimpe mtu pesa. Uhakiki wenyewe FAA hawautozi hata senti, na foleni ni moja kwa wote.

Fomu inaitwa AC 8060-71, na inakwenda kwa kitengo cha vyeti vya marubani kilichoko Oklahoma City. Unaambatisha nakala ya leseni mpya na ya cheti cha afya, na unataja FSDO, yaani ofisi ya FAA ya eneo, utakayokwenda kujiwasilisha. Hapo tumieni akili: chagueni ofisi iliyo karibu na pale mtakapofikia kweli, maana barua ya uhakiki inapelekwa hukohuko. Kisha FAA wanaiandikia mamlaka ya nchi yako, kwangu mimi KCAA, kuuliza kama leseni ni ya kweli na haijasimamishwa. Rafiki yangu mwenye leseni ya Uingereza ilibidi kwanza ajaze fomu ya idhini ya mamlaka ya kwao na kuilipia, la sivyo hawajibu. Ulizeni mapema utaratibu wa kwenu.

Mimi nilikosea jina. Pasipoti yangu ina majina matatu, leseni ina mawili, na kwenye fomu niliyapanga kwa mazoea ya Kikenya: jina langu, la baba, la babu. Nikaandikiwa nirekebishe. Andikeni jina kama lilivyo kwenye leseni, herufi kwa herufi, na kama pasipoti inatofautiana, elezeni tofauti hiyo tangu mwanzo.

Muda unaotajwa ni siku 45 hadi 90. Barua yangu ilifika wiki ya tisa, na marekebisho ya jina yamo humo. Ikishatoka ina uhai wa miezi sita, kwa hiyo tiketi nilikata baada ya kuishika, si kabla. Safari ya kwanza ilishanifunza.

Lipo jambo jingine ambalo wengi wetu tunaoishi nje ya Marekani limetupita. Tangu 2025, mwenye cheti cha FAA ambaye hana anwani ya makazi Marekani lazima asajili wakala aliyeko huko wa kupokea nyaraka rasmi kwa niaba yake. Waombaji wapya walianza Januari 6, sisi tuliokuwa na vyeti tukapewa hadi Julai 7. Anaweza kuwa mtu wa kawaida, mradi ni mtu mzima, ana anwani halisi ya mahali anapokaa na si sanduku la posta, na amekubali. Nikampigia dada.

"Niwe wakala wa ndege? Mimi?"

"Wakala wa barua tu, dada. Ikija barua ya serikali, unaipiga picha unanitumia."

"Na wakija askari?"

Ilichukua dakika kumi kumshawishi. Mtandaoni ilichukua tano.

Siku ya FSDO yenyewe haina mengi. Miadi unaiweka kabla, huendi tu kubisha hodi. Nilikuwa nimeshajaza maombi kwenye IACRA, mfumo wao wa mtandaoni, nikabeba leseni, cheti cha afya cha Kenya (wanakikubali, si lazima ufanye cha FAA), pasipoti, daftari la saa zangu na ile kadi ya zamani. Mama mmoja mpole alikagua kila kitu, akaniongelesha kidogo kuhusu hali ya hewa ya Nairobi, na nikaja kuelewa baadaye kwamba alikuwa anasikiliza Kiingereza changu. Nilitoka na karatasi ya muda ya siku 120. Kadi ngumu, yenye nambari mpya ya Kenya, ilifuata kwa posta.

Malalamiko yangu makubwa yanaielekea klabu nyingine ya kukodisha ndege niliyoipigia simu wakati nasubiri, ambayo sitaitaja. Waliniambia, "Njoo tu, sisi hatuangalii nambari." Ndugu, bima inaangalia. Ukigusa bawa la ndege ya jirani kwenye maegesho ukiwa na cheti kisicholingana na leseni, utaijua rangi ya bima. Yule mkufunzi aliyeninyima ndege ndiye niliyemrudia.

Akanikumbusha tena kwamba kupata kadi mpya si sawa na kupimwa kuruka. Kila miezi 24 lazima uwe umefanya mapitio na mkufunzi, angalau saa moja ya darasani na saa moja ya hewani, na yangu yalikuwa yamepitwa. Tukayafanya siku hiyohiyo. Mtu aliyezoea Wilson, futi zaidi ya 5,500 juu ya bahari, ambako 172 yenye watu wawili hupanda ikihema kama punda wa Lamu mwenye mawe, akiruka Texas asubuhi ya Novemba anadhani amepewa ndege nyingine. Nilipita urefu niliopangiwa kwa futi 200 kabla sijashusha pua, mkufunzi akacheka.

Jumamosi dada alipanda. Tulizunguka saa nzima, akapiga picha ya paa la nyumba yake mara ishirini. Tuliposhuka akatoa kadi ya benki, akataka kulipa yote kwa kuwa mimi ni mgeni wake. Nikamwambia nusu tu, dada. Sheria ya cheti changu inataka nilipe sehemu yangu. Akanitazama.

"CPL yote ile, na bado unalipa?"