Sanamu la kufundishia njia ya hewa (Laerdal): linafaa kwa hospitali za Tabora?

Corona ilipoingia 2020, wanafunzi wa utoaji wa dawa za usingizi walibanwa pande mbili. Upasuaji usio wa dharura uliahirishwa katika nchi nyingi, na miongozo ikataka mpira wa hewa (bomba linalopitishwa kooni hadi kwenye koromeo la hewa ili mgonjwa apumuliwe) uingizwe na mwenye uzoefu kuliko wote, huku chumbani wakibaki wachache. Upasuaji wa kujifungua haukusimama, ila mwingi hufanywa kwa ganzi ya mgongoni, kwa hiyo mwanafunzi hakuligusa koo. Utafiti mmoja wa 1998 ulikadiria kwamba mtu anahitaji kuingiza mpira mara 57 hivi ndipo afikie ufanisi wa 90%. Je, sanamu hili la kampuni ya Norwe linaziba pengo hilo?

Kwa sehemu tu. Ni kichwa, shingo na kifua chenye mapafu na tumbo. Mpira ukienda kwenye umio (njia ya chakula), tumbo ndilo linalovimba; laringoskopu, chombo cha kuinulia ulimi ili koo lionekane, likiyaegemea meno ya juu, sanamu linatoa mlio. Mlio huo pekee una thamani kubwa, kwa sababu anayeanza hulibinua kama kifungua chupa badala ya kuliinua.

Weka chini ya kichwa shuka lililokunjwa, unene wa sm 7 hadi 10. Shika laringoskopu lenye bledi ya Macintosh (ulimi wake uliopinda) namba 3 kwa mkono wa kushoto, ingilia kulia mwa mdomo, sukuma ulimi kushoto, ncha itue mbele ya epigloti (kifuniko cha njia ya hewa), kisha inua kwenda mbele na juu. Mpira namba 7 au 7.5 unatosha, usome sm 21 hadi 23 kwenye meno. Tumia kilainishi kilichokuja na sanamu. Bila hicho puto la mpira, lile linaloziba pembeni ili hewa isivuje, huchanika. Vaselini hapana, inaharibu raba.

Linapong'ara hasa ni kwenye zoezi la timu. Fanyeni kama kwa mgonjwa wa corona, vaeni barakoa ya N95, miwani na glavu mbili: mmoja aingize, wa pili ashike dawa, wa tatu akae nje ya mlango. Oksijeni dakika 3, kichujio cha virusi kiwe mahali pake, puto lijazwe kabla ya pumzi ya kwanza, mpira ubanwe kabla ya kuachanishwa na mashine. Miwani ikipata ukungu hapa, hakuna anayekufa.

Udhaifu wake ni mkubwa. Halina mate wala damu, oksijeni haishuki, na halitoi kabonidayoksaidi. Mwanafunzi aliyezoea kutazama kifua kikipanda atadanganyika kwa mgonjwa mnene, ambaye mpira ukiwa kwenye umio bado kifua kinaweza kuonekana kinacheza. Kwa mgonjwa halisi, kapnografu (kipimo cha kabonidayoksaidi kwenye pumzi) ndiyo huonyesha mpira uko wapi, kwa hiyo mwalimu aulize kila mara, "Kapnografu inasomaje?" na mara nyingine ajibu mwenyewe, "Sifuri." Tena koo ni lile lile siku zote, wakishalikariri, livishwe kola ya shingo ili liwe gumu.

Kwa hiyo zoezi la sanamu lisiandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu za mwanafunzi kama mgonjwa. Kwa mwezi wa kwanza wa mwanafunzi na kwa mazoezi ya timu, sanamu linastahili bei yake.

Likisafirishwa kwa basi kutoka Dar, likae ndani ya begi lake, mbali na madumu ya mafuta. Kiangazi cha Tabora kina vumbi, lifunikwe kila baada ya somo. Mdomo ufutwe kwa spiriti ya 70% kati ya mtu na mtu, na peni isiguse ngozi yake, wino hautoki. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji bei ya mapafu ya akiba na muda wa kuyapata.