Mbolea ya ruzuku ya 2,500: bei iko sawa kabisa, shida ni safari na muda

Nimenunua mbolea ya serikali misimu mitatu sasa, wacha niwaambie vile nimeiona. Nyota tatu kwa tano.

Bei kwanza. 2022 begi la kilo 50 lilikuwa limegonga shilingi 6,500 huku North Rift, Kenya, mimi nikapanda mahindi ekari mbili tu kati ya tano, zingine zikabaki nyasi ya ng'ombe. Septemba hiyo serikali ikashusha ikawa 3,500, halafu 2023 ikafika 2,500 na hapo ndio nikarudi kulima shamba yote. Mabegi matano ya DAP, ile mbolea ya kupandia, ni 12,500, kwa ile bei ya zamani ni 32,500, hiyo 20,000 iliyobaki ndio ililipa trekta na mbegu. Kwa hivyo mtu asiniambie huu mpango hausaidii, unasaidia sana.

Kujisajili ni bure, unaenda na kitambulisho na namba ya simu, wanaandika ekari zako na unalima nini, inaingia kwa KIAMIS, ule mfumo wa serikali wa kuandikisha wakulima, kisha vocha, zile namba za kuchukulia mbolea, inakuja kwa esemesi. Lakini chungeni hapo kwa namba jamani. Mama mmoja jirani yangu aliandikwa na laini ya kijana wake, kijana akaenda kutafuta kazi mjini, vocha ikaingia huko na mama yuko kwa foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi ameshika simu yake ya mulika mwizi anangoja. Karani anamwambia jina liko, vocha imetumwa. Mama wa watu akalia pale mbele ya watu wote. Tulimpigia kijana mpaka saa nane ndio akashika, akasoma zile namba pole pole, mama akapewa begi zake mbili.

Sasa muda. Msimu uliopita vocha yangu ilikuja mapema kabisa lakini nikifika stoo hakuna DAP, naambiwa lori liko njiani, nikarudi mara tatu na kila safari ni nauli, na mvua ishaanza. Mahindi haingoji lori. Nikanunua begi mbili kwa agroveti nikapanda upande mmoja, ule mwingine nikapanda wiki mbili baadaye mbolea ya ruzuku ilipofika, na mahindi ilipotoa maua ungeona mpaka katikati ya shamba kama umepigwa kamba, huku imenipita kichwa, huku iko kifuani. Hasara hiyo haiandikwi kwa risiti yoyote.

Kuhusu ile mbolea feki ya 2024 iliyofika mpaka bunge, mimi sikuuziwa, lakini siku hizi sibebi begi kabla sijaangalia mshono kama umefunguliwa ukashonwa tena. Na kabla ya kupanda shamba yote najaribu mistari michache, kifuniko cha soda kimoja kwa kila shimo, nione.

Safari hii nilienda kwa chifu Januari kuhakikisha namba yangu, na tumeongea watu saba tukodi pikapu moja badala ya kila mtu na boda yake. CAN, ile mbolea ya kuongezea mahindi ikishakua, ikiwa iko nitaichukua siku hiyo hiyo, sitangoja mahindi ifike magoti ndio nianze safari ingine.